Nani Mwenye Maneno? Juu ya Kitabu cha Maboyi wa Elisabethville na Kazi za Wenye Elimu

Mwanafunzi mmoja wa seminari kubwa alituletea kitabu chake cha kumaliza masomo, kile kinachoitwa memwari, tukisome mbele ya kukitoa kwa walimu wake. Kazi ilikuwa njema. Ilieleza kwa Kifaransa mwanzo wa misioni moja ya kwetu: mapadri wa kwanza, katekista wa kwanza, kanisa la majani, kisha kanisa la matofali. Lakini tulipofika katikati tulisimama. Mpaka hapo Kifaransa kilikuwa cha shule. Gafula kikaanza kusema kama mzee anayekaa kando ya moto. Kurasa makumi tatu zilikuwa hivyo, kisha Kifaransa cha shule kikarudi. Chini ya ukurasa tuliona maneno haya tu: «Habari za wenyeji».

Tulimwuliza habari hizo alizitoa wapi. Alijibu pasipo kuficha. Kuna katekista mzee aliyeandika historia ya misioni kwa Kiswahili. Iligongwa kwa mashini, ikatolewa kwa stensili siku ya yubile, watu wakaigawanya. Mwanafunzi aliipata, akaigeuza katika Kifaransa, akanyosha maneno hapa na pale, akaitia katika kazi yake. Baadaye tulikutana na katekista huyo. Alikuwa amekwisha kuonyeshwa memwari. Hakukasirika. Alisema tu: «Padri, kazi yangu imo ndani, lakini mimi simo.»

Maneno hayo hayatutoki moyoni. Kwa hiyo leo tunataka kuchungua kitabu kimoja kilichokutana na shauri hilo hilo, tena katika nchi yetu, tena juu ya Kiswahili chetu. Hatukichagui ili tukilaumu. Tunakichagua kwa sababu kina mema mengi ya kutufunza, na upungufu wake nao unatufunza.

Kitabu chenyewe

Katika mwaka 1965, mji wa Lubumbashi ulipokuwa ungali ukiitwa Elisabethville, palitokea maandiko madogo ya Kiswahili yaliyogongwa kwa mashini. Jina lake kwa Kifaransa lilikuwa «Vocabulaire», maana yake msamiati, wa mji wa Elisabethville. Lakini si kitabu cha kueleza maana za maneno. Ni historia ya mji tangu mwanzo wake mpaka mwaka ule, ginsi walivyoiona wale waliotumika katika nyumba za Wazungu: wapishi, wafua nguo, walinzi wa watoto. Watu wote waliwaita maboyi. Neno hilo lina uchungu, nasi hatulipendi, lakini pasipo neno hilo hatufahamu historia yao. Aliyeandika ni André Yav, naye aliandika kwa ajili ya chama cha watumishi wa zamani wa nyumbani.

Fikirini, ndugu, maana ya jambo hili. Juu ya mji ule Wazungu waliandika vitabu vingi: vya kampuni, vya serikali, vya misioni. Boyi alikuwa nyuma ya kiti, ameshika sahani. Alisikia yote, hakuna aliyemwuliza neno. Halafu siku moja boyi naye alishika kalamu.

Miaka ikapita. Profesa Johannes Fabian, aliyefundisha katika universite ya Lubumbashi mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliyachukua maandiko hayo na kuyafanyia kazi kubwa. Katika mwaka 1990 nyumba ya vitabu John Benjamins ya Amsterdam na Philadelphia ilitoa kitabu chake, «History from Below», maana yake historia kutoka chini. Ndani yake mnakutwa maandiko ya Yav, tafsiri ya Kiingereza na maelezo marefu ya profesa. Kalundi Mango, mwenyeji wa lugha, alimsaidia. Na Walter Schicho alitia maelezo juu ya lugha yenyewe.

Basi swali letu ni hili: mwenye elimu anapochukua maandiko ya mwingine, akayageuza, akayaeleza, akayatoa upya, ana ruhusa ya kuchukua nini? Na anapashwa kurudisha nini?

Haki ya mwandikaji ni nini?

Wengi wetu tunazania kwamba haki ya mwandikaji ni shauri la watu wa Ulaya na la vitabu vikubwa vyenye bei. Si hivyo. Tutofautishe mambo.

Kwanza, haki hiyo hailindi habari, inalinda maneno. Kwamba Elisabethville ulianza mwaka 1910, kwamba Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, hizo ni habari. Hazina mwenyewe. Kila mtu anaweza kuziandika kwa maneno yake. Lakini ginsi mtu mmoja alivyozipanga na kuzisimulia, hiyo ni kazi ya mikono yake, sawa na kiti ni kazi ya seremala. Mti wa porini ni wa wote. Kiti si cha wote.

Pili, haki hiyo haingoji muhuri. Mapatano ya Berne, yaliyofanyika katika mwaka 1886, na ambayo Kongo yetu imo ndani yake tangu mwaka 1963, yanasema kwamba mwandikaji hapashwi kuandikisha kazi yake popote ili ilindwe. Akisha kuiandika, yatosha. Kwa hiyo kitabu cha stensili, chenye wino uliofifia, kinalindwa sawasawa na kitabu chenye ngozi na zahabu. Mwanafunzi wetu hakujua hilo. Alizani kwamba karatasi zisizo na jina la nyumba ya vitabu ni kama nyasi za njiani.

Tatu, haki hiyo ina sehemu mbili. Sehemu moja ni ya feza: kuchapa, kugeuza katika lugha nyingine, kutengeneza kwa namna nyingine, kuuzisha. Sehemu nyingine ni ya heshima: mwandikaji atajwe kuwa mwandikaji, wala kazi yake isiharibiwe hata kumletea haya. Sehemu hii ya pili iliingizwa katika mapatano ya Berne katika mkutano wa Roma, mwaka 1928. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 5 Aprili 1986 nayo inalinda haki za waandikaji. Sehemu ya feza hudumu muda wa maisha ya mwandikaji, na miaka 50 baada ya kufa kwake.

Tena tuangalie kosa moja la mara nyingi. Kuwa na karatasi mkononi si kuwa na haki ya maneno. Profesa Fabian huyo huyo alifanya kazi pamoja na mchoraji wa Lubumbashi, Tshibumba Kanda Matulu, aliyemchorea historia ya nchi katika miaka ya 1973 na 1974. Picha 101 zilitolewa katika kitabu mwaka 1996, na simulizi la mchoraji mwenyewe pamoja nazo. Anayenunua picha ya namna ile, amenunua kitambaa na rangi. Kazi ya akili inabaki ya mchoraji. Vilevile anayepewa fotokopi ya maandiko ya katekista, amepewa karatasi.

Ruhusa ya wenye elimu

Lakini sheria haikuwasahau wanafunzi. Kama kila mwandikaji angalifunga mlango na kuondoka na ufunguo, elimu ingalikufa. Mapatano ya Berne yanaruhusu kutaja maneno ya mwingine kwa masharti matatu: kazi iwe imekwisha kutolewa mbele ya watu kwa haki, kipimo cha maneno yanayochukuliwa kisizidi kazi inayofanywa, na jina la mwandikaji na la kitabu yaonyeshwe.

Kule Marekani wanayo njia nyingine, nasi tunapashwa kuifahamu kidogo, kwa sababu kitabu cha mwaka 1990 kilitolewa Philadelphia pia. Wao hawahesabu ruhusa moja moja. Wanasema kwa ujumla kwamba matumizi ya haki si kosa, kisha mwamuzi anapima. Sheria yao ya mwaka 1976 inataja kazi ya kuchambua, kufundisha na kutafuta elimu, na inaleta maswali manne. Umechukua kwa kusudi gani? Kazi uliyoichukua ni ya namna gani? Umechukua kiasi gani? Na je, kazi yako inazuia faida ya ile ya kwanza?

Maswali hayo yana mizizi ya zamani, nayo historia yake ni onyo kwa watu wa dini. Mchungaji mmoja wa Salem, jina lake Charles Upham, aliandika maisha ya George Washington katika vitabu viwili, ili visomwe katika maktaba za shule. Barua za Washington zilikuwa zimekwisha kukusanywa na Jared Sparks katika vitabu 12. Upham alikuwa na kurasa 866. Katika hizo, 353 alizitoa neno kwa neno katika kazi ya Sparks. Shauri lilifika mbele ya mwamuzi Joseph Story mwaka 1841. Alisema kwamba kusudi la kufundisha watoto ni jema, lakini halitoshi. Anayetaja kwa kuchambua ana haki. Anayechota moyo wa kitabu ili kitabu chake kisimame mahali pa kile cha kwanza, hana haki. Mchungaji akashindwa.

Tukipima sasa

Tukitumia maswali hayo manne kwa kitabu cha Fabian, tunaona nini?

Juu ya kusudi, hatuna shaka. Profesa hakuchapa maandiko ya Yav ili kuyauzisha kama yake. Alitaka yasomwe, yafahamike, yaingie kati ya shahidi za historia. Maelezo yake ni marefu, nayo yanatia nuru mpya. Upham hakutia nuru juu ya Sparks, alimfunika tu.

Juu ya namna ya kazi, tuseme kwamba Yav aliandika ili asomwe. Hatukuibiwa siri ya moyoni. Aliyeandika historia ya mji, anaupa mji historia yake.

Juu ya kiasi, hapa tunapashwa kusimama. Profesa alichukua yote. Hakutaja sehemu: alitoa maandiko mazima, tangu neno la kwanza mpaka la mwisho. Huko si kutaja tena. Je, ni kosa? Sisi si waamuzi, wala hatukai barazani. Twasema hivi tu: kwa kazi ya lugha, kuchukua yote kuna sababu, kwa kuwa msomaji hawezi kuhukumu maelezo akiwa hana maandiko mbele yake. Lakini kadiri mtu anavyochukua zaidi, ndivyo deni lake linavyozidi. Aliyechukua mstari mmoja anadaiwa jina. Aliyechukua nyumba nzima anadaiwa mengi zaidi ya jina.

Juu ya faida, kitabu cha 1990 hakikumnyang'anya Yav wanunuzi. Karatasi zile zilikuwa karibu kupotea, nacho kikazipa maisha. Lakini kuna faida nyingine isiyo ya feza, nayo tutaisema mbele kidogo.

Jambo la kusifu

Tunalolisifu zaidi katika kitabu hiki ni ginsi kilivyogusa maneno ya mwingine. Maandiko ya Yav si rahisi kusoma. Aliyegonga mashini alifuata sikio lake: maneno yanaungana mahali pasipopasa, yanakatika mahali pasipopasa, Kifaransa na Kiswahili vinachanganyika. Ukiyatazama kwa macho tu, unapotea. Ukiyasoma kwa sauti, mara unasikia mtu wa Katanga anasema. Fabian alifahamu hilo. Kwa hiyo Kalundi Mango aliyasoma kwa sauti, na sauti hiyo ikaandikwa upya kwa namna inayosomeka.

Tusikilizane vema: hayo ni mageuzi. Anayesoma kwa sauti anachagua mahali pa kupumzika, na kila pumziko linaongoza maana. Lakini kitabu hakikuficha mageuzi hayo. Kilitoa maandiko ya kwanza jinsi yalivyogongwa, kikatoa na masomo mapya, kikatoa na tafsiri. Msomaji akiona mashaka, anaweza kurudi kwa Yav mwenyewe na kumwuliza. Na jina la Kalundi Mango liliwekwa wazi, halikuzikwa chini ya neno «msaidizi».

Linganisheni na desturi yetu. Ni mara ngapi tunapokea hadisi ya mzee, tunainyosha ifuate Kiswahili cha vitabu, tunaondoa neno lililotuonea haya, tunatupa karatasi ya kwanza motoni? Tunasema tumemsaidia mzee. Hapana, tumemfunga kinywa kwa mkono wa upole. Kiswahili chake kilikuwa shahidi. Tumemwua shahidi ili ushuhuda uwe safi.

Kanisa lenyewe linajua kwamba tafsiri si kitu kile kile. Katika Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 829 inasema kwamba ruhusa iliyotolewa kwa maandiko ya asili haifai kwa chapa mpya wala kwa tafsiri zake. Juu ya nini? Kwa kuwa anayegeuza anatia akili yake na hatari yake. Basi kama Askofu anapashwa kutazama tena, sisi nasi tunapashwa kumwonyesha msomaji wapi mwandikaji anasema, na wapi tunasema sisi.

Upungufu

Sasa tuseme lililo zito. Jina la André Yav limo katika jina la kitabu. Ni vema. Lakini katika desturi ya wenye elimu, kitabu kinaitwa kwa jina la yule aliyekitoa. Anayetaja ataandika «Fabian 1990». Neno alilosema boyi wa Elisabethville mwaka 1965, profesa wa nchi nyingine atalitaja, na chini ya ukurasa litakuwa la Fabian. Huko ndiko faida isiyo ya feza inakopotea. Kitabu kilimtaja Yav. Desturi yetu sisi wasomaji inamfuta. Lawama hii, kwa hiyo, haimwangukii profesa peke yake. Inatuangukia sote tunaoandika maneno chini ya ukurasa kwa uvivu. Dawa yake si ngumu: tuandike «Yav 1965, katika Fabian 1990». Maneno mawili zaidi tu, na mtu amerudi nyumbani mwake.

Upungufu wa pili ni wa lugha na wa mahali. Maandiko ya Kiswahili yaliyotoka Elisabethville yalielezwa kwa Kiingereza, yakauzishwa kutoka Amsterdam. Mtoto wa boyi, aliyesoma Kiswahili na Kifaransa, anaona jina la mji wake juu ya kitabu, lakini akili ya kitabu imefungwa kwake. Hapa lakini tuseme haki: katika mwaka 2001 Fabian na wenzake waliyaweka maandiko hayo pamoja na tafsiri katika intaneti, kati ya kumbukumbu za Kiswahili cha watu, na msomaji hatozwi feza. Hilo ni tendo la kurudisha. Lilichelewa miaka 11, lakini lilifanyika, nalo ni mfano kwa walio na makabati yenye karatasi za watu.

Wenye kubisha

Labda mmoja atasema: «Hadisi na historia za wazee ni mali ya ukoo. Hazina mwandikaji. Kwa nini tumtafute mwenyewe?» Tunajibu: hadisi ni ya ukoo, ndiyo. Lakini katekista yule hakutoa hadisi tu. Alikaa usiku na taa, alichagua, alipanga, alikumbuka tarehe, aliacha mengine. Kazi hiyo ni yake. Tena hata hadisi ya ukoo ina kinywa kilichoisimulia siku ile. Kukitaja kinywa hicho hakumzuru mtu.

Mwingine atasema: «Kazi ya shule haiuzishwi. Hakuna feza, basi hakuna deni.» Tunajibu: kukosa feza kunapunguza deni la feza, hakufuti deni la heshima. Na je, ni kweli hakuna faida? Kwa memwari mtu anapata shahada, kwa shahada anapata kazi. Mzee alipata nini?

Wa tatu atasema: «Sisi ni watu wa Injili. Tumepewa bure, tunapashwa kutoa bure. Maneno ya katekista ni ya Kanisa.» Neno hili ni zuri, lakini linamwangukia nani? Anayetoa bure ni mwenye kitu. Mimi siwezi kutoa bure koti la jirani yangu, kisha nikajihesabia sadaka. Katekismo ya Kanisa inafundisha kwamba wizi ni kutwaa mali ya mwingine kinyume cha mapenzi yake yaliyo ya haki. Basi tuulize mapenzi ya mwenyewe. Mara nyingi atakubali kwa furaha. Wazee husema: kuuliza si ujinga. Nasi tunaongeza: kutouliza ndiko kunakotia mashaka.

Kwa wanaoandika sasa

Kutoka kitabu hiki tunawapa waseminari na katekista mashauri matano.

La kwanza: ukichukua habari tu, zieleze kwa maneno yako, nawe useme ulizitoa wapi. Kubadili neno moja katika kila mstari si kueleza kwa maneno yako. Ni kuiba kwa mikono miwili.

La pili: ukichukua maneno, yaweke alama mwanzo na mwisho, hata kama umeyageuza katika Kifaransa. Tafsiri yako haikufanyi mwandikaji. Andika: «tafsiri yetu».

La tatu: usichukue zaidi ya unachokichungua. Kila sehemu uliyoitaja ifuatwe na maelezo yako. Kama baada ya kurasa tano za mwingine huna neno la kusema, ulikuwa unajaza karatasi tu.

La nne: ukihitaji maandiko mazima, uliza ruhusa kwa mwandikaji, au kwa watoto wake kama amekufa, tena iandikwe na itiwe sahihi. Linda maandiko ya kwanza kama yalivyo, na makosa yake, kando ya yale uliyoyatengeneza.

La tano: rudisha. Peleka kitabu kimoja kwa mwandikaji, na kingine katika parokia yake. Kama ni kwa Kifaransa, nenda ukae naye, umweleze kwa Kiswahili ulilolisema juu ya kazi yake. Atakusahihisha mahali pawili patatu, nawe utashukuru.

Mwisho

Mwanafunzi wetu alikuwa mwenye moyo mwema. Alirudi kwa mzee, akaomba ruhusa aliyopaswa kuiomba mwanzoni, akaipata katika muda wa kikombe kimoja cha chai. Kisha aliziondoa kurasa zile kutoka katikati ya kazi yake, akaziweka mwisho, nzima, Kiswahili upande mmoja na Kifaransa upande wa pili, na jina la mwandikaji juu. Katikati alibaki na maneno yake mwenyewe, nayo yalikuwa machache kuliko alivyozani. Ilimbidi kutumika miezi miwili zaidi ili kuijaza nafasi ile kwa akili yake. Kitabu chake kilitoka chembamba, lakini kilikuwa chake.

Tumeona basi kwamba kitabu cha 1990 kilikuwa na haki ya kuzaliwa, kwa sababu kilileta nuru, kililinda maandiko ya kwanza na kilitaja majina. Tumeona pia kwamba haki hiyo haitakamilika mpaka sisi wasomaji tuwe tumemtaja André Yav mahali pake. Katika parokia zetu ziko karatasi nyingi za namna hiyo, ndani ya masanduku, zinaliwa na mchwa: historia za misioni, nyimbo, hesabu za wabatizwa pamoja na maneno ya pembeni, vitabu vidogo vya yubile. Zitafuteni, zisomeni, zitumieni. Lakini yeyote atakayefungua sanduku la namna hiyo, atazame kwanza jina lililoandikwa juu ya karatasi.